Shairi Lililosomwa Nusu

Kila asubuhi Selina alianika dagaa juu ya majabali ya Ilemela. Kiwanja chao kilishuka mpaka ziwani. Mumewe, Mihayo, alikuwa akivua hapo kabla ya kuajiriwa katika kiwanda cha minofu ya sangara. Mwaka 1996 aliugua homa. Siku ya nne akafariki. Aliacha watoto watatu na daftari moja la mashairi.

Siku moja Chenge, kaka wa marehemu, alikuja na daftari hilo mkononi; alikuwa amelichukua baada ya mazishi.

"Shikamoo, shemeji," alisema Selina.

"Marahaba. Kiwanda kinataka kiwanja hiki. Ukoo utakaa Jumapili. Marehemu mwenyewe alikubali. Sikiliza."

*Karibu ewe mashine,*
*Umetupa kazi njema,*
*Tule, tuvae, tupone,*
*Simama hapa, simama.*

"Umesikia? Alitaka wajenge hapa."

Maneno yalikuwa ya Mihayo kweli. Selina akaomba aachiwe daftari. Chenge alimwachia bila wasiwasi. Alijua shemeji yake hajui kusoma.

Hakujua kwamba Selina alikuwa na miezi mitano katika darasa la watu wazima. Alasiri ile akaenda kwa jirani yake Bernadeta, mwalimu wa darasa hilo.

"Mwalimu, Mihayo amenifukuza nyumbani akiwa kaburini," alisema.

Bernadeta alilipokea daftari, akalitazama, akamrudishia.

"Kuna beti tatu hapa, siyo moja. Soma wewe mwenyewe. Tazama anasema nini juu ya mashine, na nini juu ya ziwa. Tazama pia anapogeuka."

Selina aliweka kidole chini ya kila neno.

*Minofu yapanda ndege,*
*Kwetu mifupa yabaki,*
*Ziwa limekosa ndege,*
*Kwa moshi hapakaliki.*

"Ametaja ndege mara mbili," alisema Bernadeta. "Ni ndege yule yule?"

Selina alifikiri. "Hapana. Ya kwanza ni ndege ya uwanjani, inayobeba samaki kwenda Ulaya. Wa pili ni mnandi, wale ndege weusi wa ziwani. Walikuwa wanatua pale kwetu. Siku hizi hawaji."

"Kwa hiyo Mihayo anaichukia mashine?"

"Anaichukia."

"Usikimbilie. Malizia."

*Mashine sikuchukii,*
*Mkono wako mrefu,*
*Ila ziwa halikui,*
*Na hilo ndilo nahofu.*

Selina alirudia ubeti huo mara tatu.

"Haichukii," alisema taratibu. "Imempa kazi, anashukuru. Lakini anaogopa itachota mpaka ziwa liishe."

"Ndivyo. Mtu anaweza kushukuru na kuogopa katika shairi moja. Shemeji yako amechukua shukrani, hofu ameiacha."

Bernadeta alidhani Selina atafurahi. Selina alilia. Alikumbuka Jumamosi moja Mihayo alipotaka kumsomea shairi. Alimjibu, "Ngoja nigeuze dagaa." Mihayo alifunga daftari, na hakumwomba tena.

Jumapili, mbele ya ukoo, Selina alisimama na kusoma beti zote tatu. Alikwama mara nyingi. Hakuna aliyecheka. Mzee Mhoja, mkubwa wa ukoo, alimgeukia Chenge.

"Beti hizi mbili za mwisho hukuziona?"

"Niliziona," alisema Chenge, akatazama chini.

Ukoo ukakataa kuuza, kiwanja kikabaki cha watoto. Kiwanda kilijenga upande wa pili wa majabali, na harufu na moshi vikawafikia vilevile. Sangara walizidi kupungua. Shairi halikuzuia hayo.

Lakini Selina aliendelea na darasa. Wanawake wa pwani ile walianza kumletea barua na karatasi za mikataba. Hakumruhusu yeyote kutia dole gumba kabla hajamsomea karatasi yote, mpaka mstari wa mwisho.

Mara nyingi, akiwa peke yake, alilifungua daftari la mumewe. Alikuwa na mengi ya kumwambia juu ya shairi lile. Hakuwa na wa kumwambia.