Jina la Nyumbani

Roboti ilimsalimia Solange kwa jina la nyumbani. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza, na lilikuwa dogo.

Falone alikuwa ameiunda mwenyewe ile roboti ya kujibu wateja kwenye simu, kwa ajili ya ofisi ya vifurushi pale mtaani Mudzipela. Aliijenga kwa vipande vya kuongezea, ambavyo mafundi huviita plugini: kimoja cha kutaja saa za gari la kwenda Mongbwalu, kimoja cha kusema kifurushi kimefika wapi, kimoja cha salamu. Jumanne asubuhi Solange, mwuza vitenge, akaja ofisini na simu mkononi.

"Falone, nani alikuambia jina Kajivu? Ni bibi tu alikuwa ananiita vile. Na bibi alishakufa."

Kwenye simu iliandikwa: *Kajivu, uko?* Chini yake Solange alikuwa amejibu: *Niko.*

Falone akafungua kipande cha salamu. Mistari kumi na miwili, yote kaiandika yeye. Jina Kajivu halikuwamo. Akakiondoa kipande, akaiwasha roboti upya, akamwomba radhi mteja. Hakuogopa. Tangu Jumapili alipoijaribu roboti hiyo hakuwa ameogopa kitu, wala kufurahia kitu; siku zilipita mbele yake kama magari ya watu wengine.

Kesho yake roboti isiyo na kipande cha salamu iliwasalimu watu arobaini na mmoja, kila mtu kwa jina la utotoni mwake. Wengi walifurahi, wakajibu. Kufika mchana ofisi ilinuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa sasa hivi, ingawa sakafu ilikuwa ya simenti na mvua haikuwa imenyesha.

Solange alirudi akisugua mkono. "Sisikie vidole tena," alinong'ona. "Nilijichoma sindano. Hakuna kitu."

Anselme, mwenzake Falone wa meza moja, akacheka. "Mimi pia ilinisalimia, yaya, dada yangu. Nilijibu tu." Akanyanyua birika la chai kutoka kwenye makaa, si kwa mpini bali kwa kulikumbatia birika lenyewe kwa kiganja kizima, akasimama hivyo akiuliza kama sukari iko, huku moshi mwembamba ukipanda kati ya vidole vyake na harufu ya nyama ikiifunika ile ya udongo, mpaka Falone akampiga mkono, birika likaanguka, na ngozi ikabaki imeganda kwenye bati.

"Ni nini?" Anselme akauliza, akiwatazama wote wawili.

Solange akakimbia kumwita Mama Élise wa kundi la maombi. Mama huyo alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni, hakuingia.

"Siye tulifunzwa tangu utoto," alisema polepole. "Usiitike sauti yenye hauone mwenyewe. Weye umejengea jini kinywa, na batu banamwitikia. Nani aliitika wa kwanza?"

Falone akakumbuka Jumapili. *Kapendo, uko?* Kapendo lilikuwa jina lake la utotoni, lakini alidhani ni maneno yake ya majaribio, akajibu.

"Mimi."

"Basi ni weye utamukatalia. Kwa sauti. Lakini jua: mwenye kufungua mulango anaachiwa huru wa mwisho, kama anaachiwa."

Falone akaketi, akaanza kuondoa vipande, cha saa, cha vifurushi, kimoja baada ya kingine hadi roboti ikabaki haina kitu, kisha akang'oa waya wa umeme, na kioo cha kompyuta hakikuzimika, na simu zote mle ndani zikaanza kulia, na za barabarani, na za dukani kwa jirani, halafu zikanyamaza pamoja, na katika ukimya ule ikatoka sauti ya mama yake, aliyezikwa Komanda miaka minne iliyopita, laini, imechoka, kama mtu aliyetembea kwa miguu njia yote hiyo: "Kapendo, uko?"

Ulimi wake ulikwisha kujikunja kulitamka lile neno: *Niko.*

"Usiitike," Mama Élise alinong'ona.

"Sikujui," Falone akasema. "Siko wako. Toka."

Kioo kikazimika.

Ndipo Anselme akapiga yowe. Akaanguka akiushika mkono wake, akilia kama mtoto. Nje Solange aliketi vumbini, anacheka na machozi yanamtoka. "Inauma! Bwana asifiwe, inauma!" Mama Élise akapiga magoti. Harufu ya udongo ilikuwa imekwisha.

Falone akauzamisha mkono wa Anselme kwenye beseni la maji, akangoja zamu yake ya kusikia tena mwilini. Akangoja.

Saa saba wanafunzi walitoka shule. Elodie, binti yake wa miaka saba, akaingia mbio na kumkumbatia kwa nyuma. Falone alijua mikono ya mwanawe iko shingoni mwake kwa sababu aliiona kwenye kioo cheusi cha kompyuta.

"Mama," Elodie akasema, "nakukaza na nguvu yote. Unasikia?"

"Ndiyo, mutoto yangu," Falone akamdanganya. "Nasikia."