Tabaka la Tano

Jioni ile nilitoka mara moja tu, kwenda kwa fundi simu wa mtaa wa nyuma kuchukua kontrola ya gemu. Mimi na gemu hatupikiki chungu kimoja. Niliitaka kwa ajili ya kuchorea.

Nachora kwa kompyuta, picha za vitabu vya watoto. Mkono wa kulia unashika kalamu, wa kushoto unashinda kwenye kibodi ukibonyeza amri za mkato, vidole vimepinda kama vya mtu anayekamua nguo. Ulikuwa umeanza kufa ganzi. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenishauri: tafuta kontrola ndogo, ile ya kushika kwa mkono mmoja, kila kitufe ukipe kazi yake. Kimoja cha kukuza picha, kimoja cha kutengua ulipokosea, kimoja cha kurudisha ulichotengua.

Fundi aliitoa kwenye droo ya chini. Ilikuwa ya mtumba, lakini nzima. Kitufe kimoja kilipakwa rangi ya kucha, nyekundu.

"Hii dada, chukua bure."

"Wewe? Bure? Unaumwa?"

Hakucheka. "We ichukue tu. Imekaa sana hapa."

Njiani nilisikia harufu ya mafuta ya nywele ya mtoto. Nikasema ni ya Chiriku, yamebaki mkononi mwangu tangu asubuhi. Chiriku ni binti yangu wa miaka sita. Tunamwita hivyo kwa sababu akianza kuongea anakuchosha masikio, na akikosa wa kumsikiliza anaongea na viatu.

Nilipofika nyumbani alikuwa chumbani kwake anawasimulia wanasesere wake mkasa wa shuleni. Nikaunganisha kontrola, nikavipa vitufe kazi. Kile chenye rangi nikakipa kazi ya kuunganisha matabaka. Sisi tunachora juu ya matabaka, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine, ukikosea moja nyingine zinabaki salama. Kompyuta yangu ni mzee, matabaka yakizidi inakwama. Kwa hiyo nina tabia ya kuyaunganisha yote kuwa moja kabla ya kumalizia madogo madogo.

Nilikuwa namchora Chiriku mwenyewe, zawadi ya mama yangu, ambaye hajamtia machoni mjukuu wake miaka miwili. Mdomo niliuacha karibu na mwisho, maana kwa Chiriku mdomo hautulii.

Mkono wa kushoto ulistarehe. Nilifurahi kama mjinga. Picha nilikuwa nimeikuza, uso peke yake umejaa kioo. Kabla ya kubonyeza kitufe chenye rangi, niliona kwenye orodha kuna matabaka matano.

Nilikuwa nimechora manne.

Nikadhani kidole kimeteleza kikafungua jingine tupu. Sikulichungulia. Nilibonyeza, yakawa moja. Kontrola ikatetemeka kidogo kiganjani.

Nikamalizia. Mikwaruzo kumi na miwili ya kalamu: kope, matundu ya pua, shavu... wa kumi na moja mdomo, wa kumi na mbili mwanga wa machoni. Kisha nikairudisha picha mbali ili niione nzima.

Begani kwa Chiriku kulikuwa na mkono.

Nyuma yake alisimama mtoto wa kike, kimo kilekile, nywele zimesukwa vizuri zinang'aa mafuta. Macho alikuwa nayo. Pua alikuwa nayo. Chini ya pua palikuwa ngozi tupu.

Sikumchora mimi. Hata namna ya kuvuta mistari haikuwa yangu.

Nilichukua kifutio, nikaanza kufuta vidole vyake. Chumbani Chiriku akapiga kelele. Alikuja ameshika bega, na bega lilikuwa jekundu, limechubuka. Hapo nikaelewa nilichofanya. Tabaka lilikuwa moja sasa, huwezi kumgusa mmoja bila kumgusa mwenzake. Nilimpaka dawa, nikamrudisha kwa wanasesere wake.

Dawa ilikuwa moja tu, kutengua. Nitengue kwanza nilichofuta, kisha nirudi nyuma hatua kumi na mbili mpaka nifike pale nilipounganisha. Vidole nilivyovifuta vikarudi, nikabonyeza hatua ya kwanza kati ya zile kumi na mbili. Mwanga wa machoni ukatoka.

"Mama," Chiriku akaita kutoka chumbani, "nani kazima taa?"

Taa ilikuwa inawaka. Niliiona kupitia mlango.

"Subiri, mwanangu. Endelea kuongea."

"Mbona giza? Mama, mimi naogopa, njoo ushike mkono wa..."

Nikabonyeza ya pili. Mdomo ukatoka kwenye picha.

Kimya.

Wala si kimya cha mtoto aliyenuna. Nilisikia miguu yake inapiga sakafu.

Zilibaki hatua kumi. Kumi tu. Mungu anisamehe, sikuweza. Nilirudisha mdomo, nikarudisha mwanga, na kilio kikafumuka chumbani. Nilikimbia nikamkumbatia mpaka akalalamika namuumiza.

Nilimpigia fundi hapohapo.

"Kontrola uliipata kwa nani?"

"Kwa dada mmoja. Mchoraji kama wewe."

"Ana mtoto?"

"Alikuwa anakuja na binti yake hapa dukani. Mtundu, alikuwa anapaka vitu vyangu rangi ya kucha." Sauti ikashuka. "Siku analeta hiyo kontrola nikamuuliza, mtoto hajambo? Akanishangaa. Akasema mtoto yupi, yeye hajawahi kuzaa."

"Labda umemchanganya na mwingine."

"Dada, nimempakata yule mtoto."

Ni wiki ya tatu sasa. Kontrola niliichomoa, niliitupa jalalani mtaa wa mbali, lakini picha bado iko wazi kwenye kompyuta. Sithubutu kuifunga, maana ukifunga, hatua zote za kutengua zinafutika, na mtoto yule atabaki na wangu milele. Sithubutu pia kutengua. Kila asubuhi programu inaniomba niifunge ijiboreshe, na kila asubuhi najibu baadaye. Mama anapiga simu kuulizia zawadi yake. Namwambia bado kidogo.

Chiriku anaongea kama kawaida, ila bega moja limeshuka. Anasema ni zito.

Jana jioni nilikuwa namsuka. Alikuwa ametulia, jambo ambalo si lake, kichwa amekiinamisha kama anayesoma kitu.

"Mama, ananiandikia."

"Nani?"

"Huyu wa nyuma. Ananiandikia begani kwa kidole. Herufi mojamoja, kama mwalimu." Akahesabu kwa vidole, akaunganisha taratibu, jinsi anavyosoma kitabu chake cha shule. "Anasema amechoka kukaa bila mdomo."

Nilishikilia ule msuko, nisijue niendelee au niache.

"Nimchoree?" nilinong'ona. "Muulize. Nimchoree wa kwake?"

Chiriku akasubiri. Nilikiona kitambaa cha gauni lake kikibonyea begani, hapa, kisha hapa, kisha hapa.

"Anasema usijisumbue," akasema. "Wangu unamtosha."