Binti Aliyeachwa Mkunya

Kamba ya mzigo ilikatika katikati ya stendi ya Masasi, na sare za shule alizoshona Somoe wiki nzima zikamwagika kwenye vumbi jekundu. Kabla hajainama, mwanaume mrefu, shati lake limenyooka kwa pasi, alikuwa ameshaokota nusu.

"Dada, ndiyo unafungua duka hapa?"

"Okota kwanza, utani baadaye."

"Basi nipe namba. Huo utani nitakupigia."

Aliitwa Jafari, fundi umeme, mwenyeji wa Newala. Alipiga jioni ile ile, akapiga na kesho yake. Somoe, aliyezoea kusema cherehani inamtosha, akaanza kuvaa dera jipya hata siku za kufua.

"Umekula, mpenzi?"

"Ugali wa muhogo na kisamvu. Wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Utakonda!"

Somoe hakumficha kitu. Pili, mwenye miaka saba, hakumzaa. Ustawi wa jamii walimpa kibali cha kumlea. Jafari alimfundisha mtoto baiskeli, akikimbia nyuma yake huku ameshika kiti, mpaka Pili akaanza kumwita Baba. Jafari alipoleta posa, Somoe alimweleza utaratibu: mtu mpya hahamii nyumba yenye mtoto wa malezi mpaka afisa wa ustawi ajue aliishi wapi, na nani, na amelea nani.

"Waje tu," Jafari alicheka. "Sina mke, sina mtoto. Watakuta nini?"

Afisa, Bi Claudia, alimhoji pale sebuleni naye akajibu hivyo hivyo. Kisha Bi Claudia akapanda Newala, mpaka kijiji cha Mkunya, kwa mama yake Jafari. Aliporudi alikataa kiti.

"Mama Pili, nimekuta binti wa miaka sita, anaitwa Swaumu. Mama yake alifariki. Bibi anasema Jafari hajakanyaga pale tangu mtoto aanze kutembea."

Jioni Jafari alikuja na halua mkononi, ananukia udi. Somoe alimzuia mlangoni.

"Swaumu ni nani?"

Jafari aliangalia chini. "Niliogopa, mpenzi. Wanawake wakisikia una mtoto wanakimbia."

"Wanawake gani? Mimi nakesha na mtoto wa watu akiwa na homa. Ukaona wa kwako ndiye nitamkimbia?"

"Nitamleta kesho. Tutawalea wote wawili."

"Leo imekuwa rahisi kwa sababu umebainika. Pili alikuita Baba, ukaitika. Kila siku ulikuwa unaitika, Jafari, na mwenzake yuko Mkunya hana wa kumwita."

Alifunga mlango. Simu iliita siku nyingi bila kupokewa, mpaka asubuhi moja akaipokea.

"Niko Mkunya," Jafari alisema taratibu. "Amenikimbia. Amejificha nyuma ya bibi yake."

"Baki hapo mpaka atoke."

"Na sisi?"

"Bado nakupenda, na ndicho kinachoniumiza. Lakini hapa usirudi."

Akakata. Pili alikuwa amesimama nyuma yake, sare yake haijafungwa vifungo.

"Baba anakuja lini?"

Somoe angeweza kusema amesafiri kikazi. Akampakata.

"Haji tena, mwanangu. Alitudanganya."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Pili akamfuta machozi kwa mkono wa sare, kisha naye akaanza kulia.