Mkono Kwenye Kioo cha Fundi

Asubuhi hiyo Kidole aliamka mzima wa afya, akanywa chai, akapiga viatu rangi, akachana masharubu yake kwa kitana cha mfukoni. Kituoni walimwita Kidole kwa sababu yeye ndiye msomaji wa alama za vidole, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Majirani walikuwa wamemchoka. Ukimsalimia tu, anakueleza kwamba bila yeye jela zingekuwa tupu. Kweli zilijaa, ila waliojazwa humo ni habari nyingine.

Alikuwa bado anajitazama simu ilipoita. Fundi cherehani, mwanamke aliyekuwa na duka mtaa wa pili, amekutwa amenyongwa dukani kwake.

Kidole alikuta eneo la tukio limegeuka kituo cha basi. Askari mmoja ameketi kwenye kiti cha marehemu anabangua karanga, mwingine anapima koti la mteja kama litamwenea. Glavu hakuna aliyevaa. Za Kidole zilikuwa kwenye mkoba, bado zimo kwenye nailoni zilizotoka nayo dukani.

Ukutani palikuwa na kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Katikati yake, usawa wa uso wa mtu mzima, palikuwa na alama ya mkono, vidole vyote vitano, imetua vizuri kabisa. Mstari wa kovu ulikuwa umelikata dole gumba mshazari. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeruka kwa furaha. Kidole hakuruka. Alama ile ilikuwa inamziba masharubu. Akatoa leso, akakipumulia kioo, akafuta, akajitazama upande huu na upande huu. Ndipo akakumbuka alichofuata pale.

Kwenye kioo, nyuma yake, gurudumu la cherehani lilizunguka mara moja. Alipogeuka lilikuwa limetulia.

Mkuu wa upelelezi akaja kumsimamia begani. "Umepata kitu kwenye kioo?" akanong'ona.

"Kioo kisafi, mkuu."

Mkuu alishusha pumzi ndefu. "Sawa. Mtu wetu ni shemeji ya marehemu, yule seremala. Juzi walikoromeana hapa nje, watu wamesikia. We nipatie vidole vyake."

"Vitapatikana, mkuu."

Na kupatikana kwenyewe kulikuwa hivi. Seremala aliletwa na vumbi la mbao kichwani, akapewa glasi ya maji. Akanywa, maskini, akasema asante. Kidole akaishika glasi ile kwa kitako, akaipeleka chumbani kwake, akaipaka unga mweusi kwa brashi, akanyanyua alama kwa utepe wa gundi, akaubandika kwenye kadi na kuandika kwamba zimetoka kwenye kioo cha dukani. Basi, ndiyo sayansi ya pale. Kwa ujanja huo huo kituo kilikuwa kimesifiwa hadi magazetini.

Jioni mke wa seremala alimsubiri getini. Yeye ndiye dada wa marehemu. Kwa siku moja alikuwa amempoteza mdogo wake na mumewe.

"Baba, nakuomba," alisema kwa sauti ya chini. "Mume wangu na mdogo wangu walizozana kwa ajili ya meza ambayo haijakwisha, basi. Kulikuwa na mtu anamsumbua mdogo wangu. Anamtaka, na yeye hamtaki. Alisema ni mtu mwenye cheo."

"Mama, nenda kapumzike. Vidole ndivyo vitakavyosema."

"Watamnyonga."

Kidole alitazama saa yake. Mama wa watu anaomba uhai wa mumewe, na yeye anawaza chakula kitapoa!

Kesho yake mchana alirudi nyumbani kunawa. Kwenye kioo cha bafuni palikuwa na mkono, vidole vitano. Dole gumba lilikuwa na kovu la mshazari. Alimwita mkewe, akamgombeza kwa kuchafua kioo. Mkewe akanyanyua mikono yake, miembamba, haifikii hata nusu ya ile alama. Kidole akafuta.

Baada ya hapo mkono ule ukaanza kumfuata. Aliukuta kwenye dirisha la gari, na kwenye saa ya ukutani ofisini, juu kabisa, mahali pasipofikika bila ngazi. Siku moja aliukuta kwenye miwani yake mwenyewe, upande wa ndani, unaogusa jicho. Kila mara alifuta. Leso zake zilianza kunuka mafuta ya cherehani na mkewe akazifua mpaka akakoma.

Mwisho mazoea ya kazi yakamshinda. Ulipotokea kwenye dirisha la maabara, mchana kweupe, akaupaka unga, akaunyanyua na utepe. Kabatini zilikaa alama za askari wote wa kituo, ili zisichanganywe na za wahalifu. Akalinganisha moja moja kwa lenzi. Alipofika kwenye ya mkuu wa upelelezi, kovu likalingana na kovu.

Alikaa pale na ukweli mkononi. Angeweza kutoka na ile kadi, akapanda ngazi, akamwokoa mtu. Unadhani aliwaza seremala? Aliwaza cheo ambacho mkuu alikuwa amemwahidi kesi ile ikiisha. Akawasha kiberiti, akaichoma kadi juu ya sinki, akafungulia maji. Kuna watu hata mzimu ukiwashika mkono kuwaonyesha njia, wanageuka kuuliza watalipwa nini.

Wakati majivu yanazama, kitu kilipumua sikioni mwake. Hakukuwa na mtu.

Siku ya kesi ilifika. Jaji aliketi, seremala akasimamishwa kizimbani, amekonda mpaka shati linamning'inia. Mkewe alikaa mstari wa mbele, ameshika jozi ya viatu vya mumewe, ili akiachiwa atembee nyumbani kama watu. Kidole alipanda kutoa ushahidi na suti mpya.

"Alama hizi ni za nani?" aliulizwa.

"Za mshtakiwa. Sina shaka hata chembe."

Mke wa seremala aliinamisha kichwa juu ya vile viatu. Kidole akataka kuongeza neno la kujisifu, koo likamkaba. Akakohoa. Akakohoa tena, macho yakamtoka. Jaji akamruhusu akapumzike kwenye chumba cha mashahidi, na mkuu wa upelelezi akaitwa kuchukua nafasi yake.

Chumba kilikuwa na benchi na dirisha. Kidole akafunga mlango kwa ndani. Akainua uso.

Mkono ulikuwa kwenye dirisha.

Akatoa leso. Akafuta. Haukutoka. Akakipumulia kioo, akasugua. Ukazidi kukolea. Akasogea kulia. Ukasogea kulia. Akarudi kushoto. Ukarudi.

Kumbe haukuwa kwenye dirisha. Dirisha lilikuwa linamwonyesha sura yake tu. Mkono ulikuwa shingoni mwake.

Akajigusa. Hakuna mkono. Ngozi tupu. Lakini kwenye kioo vidole aliviona. Vitano. Vinakaza.

"Nitasema," akanong'ona. "Nitawaambia."

Nyuma yake gurudumu la cherehani lilianza kuzunguka. Safari hii halikusimama.

Walipovunja mlango alikuwa ameshapoa. Shingoni alikuwa na alama nyeusi za vidole, zimetua vizuri kuliko zozote alizowahi kunyanyua maishani mwake. Mtaalamu aliyeletwa kutoka mji mwingine alizisoma mara tatu, maana hakuyaamini macho yake. Zilikuwa za mkuu wa upelelezi, na muda wote ule mkuu alikuwa kwenye kizimba cha mashahidi, jaji akimtazama.

Walipomwekea picha mezani, bwana mkubwa aliyezoea kuwatoa wenzake jasho akaanza kulia kama mtoto.

"Mnanionea! Huyu mimi sikumgusa!" alipiga kelele. "Nilimnyonga yule mwanamke tu! Yule tu!"

Mtu mwenyewe alikuwa bado hajajua amesema nini.

Seremala aliachiwa. Mkewe alipiga magoti mbele ya watu wote, akamvalisha viatu, wakaondoka kwa miguu bila kumuaga yeyote. Hakuna askari aliyewaomba radhi, na msitegemee atakuja kuwaomba.

Kidole alizikwa na maneno mengi ya sifa, kama wanavyozikwa watu wa aina yake. Daktari aliyemchunguza hakwenda mazikoni. Aliacha kazi wiki hiyo hiyo, na akiulizwa kwa nini, husema jambo moja tu. Alizipaka zile alama spiriti, akazisugua na pamba mpaka pamba ikaisha, hazikufifia. Akachukua kisu, akaifunua ngozi ya shingo. Unga mweusi ulikuwa upande wa ndani.