Sauti ya Mhandisi Sahal

Mhandisi Sahal alizikwa Ijumaa baada ya sala, na waliomzika walijaa makaburini hadi barabarani. Jumatatu alasiri, akakohoa bafuni.

Hoda, mjukuu wake, alikuwa jikoni akiosha vikombe vya wageni wa matanga. Alikijua kikohozi kile, kikavu, kikifuatwa na maji ya udhu yakimwagika. Alitabasamu kabla hajakumbuka. Alipofungua mlango wa bafu, sakafu ilikuwa kavu, na harufu iliyomlaki ilikuwa ya tope lililooza.

Hakumwambia mtu. Alidhani ni huzuni tu. Babu huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mzee alikuwa mjukuu wa askari Msomali aliyeletwa mjini hapo na Waingereza. Akasomea uhandisi wa maji, akapewa ofisi Nairobi, akaikataa. Ujana wake wote uliishia kwenye vumbi la Garbatulla na Kipsing akichimba visima. Hata alipostaafu, wafugaji walimpigia simu pampu ikikwama, naye aliondoka na spana zake kabla chai haijapoa.

Nyanya yake, Barwaqo, sasa alikuwa kwenye eda, hatoki nje ya ua. Hoda, mwalimu wa shule ya msingi hapo mjini, alihamia kwake asikae peke yake. Lakini kila akirudi kazini alikuta chakula hakijaguswa, na mjane ana uso wa bibi harusi. Siku moja akasimama nje ya dirisha, akamsikia nyanya akizungumza. Akasikia pia anajibiwa.

"Ni yeye," nyanya akanong'ona alipoulizwa. "Usiseme kwa watu, Hoda. Wataniondolea."

Hoda hakusema. Ukweli ni kwamba hata yeye alianza kuharakisha kurudi. Sauti ilimuuliza habari za wanafunzi wake, ikamkumbusha utundu wake wa utotoni, ikacheka kile kicheko cha babu kinachoanzia tumboni. Nani angeifukuza? Nyanya akazidi kukonda, mifupa ya mabega ikachomoza chini ya shela, na harufu ya tope ikaingia kwenye mito ya kulalia na kwenye maziwa, nao wakaivumilia.

Kisha sauti ikahama. Jioni moja, adhana ya magharibi ikikaribia, Hoda aliingia uani akakuta kifuniko cha chuma cha tangi la ardhini, tangi ambalo babu alilijenga kwa mikono yake, kimesukumwa kando, na nyanya yake, ambaye siku hizo hata birika la chai lilimshinda kuinua, ameketi ukingoni bila viatu, miguu ikining'inia gizani, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza siri, na kutoka chini kule, juu ya maji meusi yasiyotikisika, sauti ya babu ilikuwa ikisema taratibu, "Teremka, Barwaqo. Huku kuna baridi, na niko peke yangu."

Hoda akatambaa, akamshika nyanya kiunoni.

"Awowe," akasema chinichini, akimwita babu kwa Kisomali kama siku zote, "ile siku maji yalipotoka Kipsing, ulifanya nini?"

"Nilicheka, Hoda. Nilicheka hadi kofia ikaanguka."

Ndivyo babu alivyokisimulia kisa hicho mezani, miaka nenda miaka rudi. Lakini Hoda alikuwapo, akiwa mtoto. Babu alienda nyuma ya lori akalia kwa kwikwi, kwa sababu mtoto mchanga alikuwa amekufa kwa kiu jana yake, wakati lori la babu limekwama mchangani. Alimsihi Hoda asiifikishe habari hiyo nyumbani, naye hakuifikisha kamwe. Kilichokuwa ndani ya tangi kilijua tu yaliyosemwa ndani ya kuta zile.

Akamvuta nyanya kwa nguvu zake zote, huku mwenyewe akimpiga ngumi dhaifu kifuani.

Kesho yake asubuhi akamleta Sheikh Halake, rafiki wa marehemu, na majani ya mkunazi, ya kufukuzia pepo, ndani ya ndoo ya maji. Sauti ilimsalimu sheikh kwa jina. Machozi yakalowesha ndevu za mzee yule, halafu akaanza kusoma Kurani. Alisoma akinyunyiza maji chumba kwa chumba, na sauti ikarudi nyuma mbele yake, ikimbembeleza Hoda asikubali babu yake afukuzwe kwake. Hoda alimkumbatia nyanya, akauma shela yake ili asijibu.

Kwenye ukingo wa tangi sauti ikabadilika. Ikawa nyembamba, isiyo ya mwanamume wala mwanamke.

"Tangu ajenge hapa nimemsikiliza," ikasema. "Na mimi nimefiwa."

Maji yakachemka mara moja, yakatulia. Harufu ikatoka kama mtu anayefunga mlango nyuma yake.

Sheikh alipoondoka, nyanya alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hoda alikaa naye mkekani hadi kilio kikaisha.

"Watoto wananiita mama," nyanya akasema mwishoni. "Nyinyi wajukuu mnaniita ayeyo. Majirani wananiita mama fulani. Nani sasa ataniita Barwaqo?"

Hoda alifungua kinywa. Jina lilikuwa pale ulimini, lakini adabu aliyolelewa nayo haikumruhusu kulitamka, wala lisingekuwa lile lile. Akamshika mkono tu, nyumba ikiwa kimya.