Pete Kwenye Mdomo wa Mzinga

"Rudia ulichosema," Rasila aliniambia. "Rudia, na wale wanaokula aiskrimu pale wasikie."

"Nimesema wewe na mama yako ni waongo. Mmenitega kama panya!"

Alivua pete yangu ya uchumba akaitupa ndani ya mdomo wa mzinga, ule mzinga wa vita uliolala juu ya ukuta wa ngome ya Kannur ukiikodolea macho bahari. Nikaisikia ikigonga chuma, kisha kimya.

Ilikuwa Jumatano. Harusi yetu ilikuwa Jumapili.

Nusu saa kabla ya hapo alinionyesha picha kwenye simu: chumba kipya, rangi ya kijani, feni mbili, kitanda kipya. "Chumba chetu," akasema. Nikauliza kiko wapi.

"Kwa mama. Kwani wewe ulitaka kulala stesheni?"

Kwa Waislamu wa Kannur, mume ndiye anayehamia kwa mke. Mimi ni mtu wa Tirur, saa mbili kwa treni, na kwetu mke ndiye anayehamia kwa mume. Tulipendana chuoni miaka miwili, tukapanga hadi majina ya watoto, wala hatukuulizana tutalala wapi. Kila mmoja alidhani ya kwao ndiyo ya dunia nzima.

"Mimi nina kwetu, Rasila. Nina kitanda alichochonga baba kwa mti wa mfenesi, akakimaliza wiki moja kabla hajafa. Akasema, 'Sajir, hiki cha harusi yako.' Leo nikiache nikakae kwa mama mkwe nikisubiri kupakuliwa wali?"

"Shemeji zako wawili, waume wa dada zangu, wanaishi pale pale. Waulize kama ndevu zimewadondoka."

"Hao wamezaliwa wakijua!"

"Na wewe ulijua! Kaka yako Kabir alikaa sebuleni kwetu, mbele ya wajomba zangu wanne. Mama akamuuliza kama mdogo wake atakubali kuhamia. Akajibu, 'Atahamia, tena mwenyewe ameomba.' Akaongezewa na biriani."

Nilitaka kujibu, firimbi ikalia. Mlinzi wa bustani alikuwa anapanda ngazi, anahema.

"Nyie wawili! Hapa ni mahali pa familia. Kaeni mbalimbali!"

"Mzee, hatupendani," Rasila akasema. "Tunagombana."

"Basi gombaneni polepole. Mnatisha watoto."

Nilimpigia Kabir, nikaweka sauti ya nje.

"Kaka, uliwaambia nini watu wa Rasila kuhusu kuhamia?"

Akakohoa. "Mdogo wangu, nilikuwa nakusaidia. Ningekwambia ukweli ungekataa, na msichana ungemkosa."

"Ndiyo maana mimi uliniambia anakuja kwetu?"

Kabla hajajibu, sauti ya mkewe ikapasua simu: "Ni Sajir huyo? Muulize nguo zake anachukua lini! Watoto wameshahamia chumbani kwake, tangu juzi wanarukaruka kwenye kile kitanda!"

"Jamshina, nyamaza!"



"Kumbe ulitaka chumba," nikasema. "Umenitoa nyumbani kwa baba yangu kama ungo uliotoboka! Sasa sikiliza. Jumapili asubuhi nakuja na lori. Nikikuta mguu mmoja wa kitanda umelegea, harusi yangu utaisikia kwa majirani."

Nikakata. Rasila alikuwa amekunja mikono.

"Sasa muongo nani?"

"Kaka yangu."

"Mama yangu amepaka rangi kile chumba mwenyewe, juu ya ngazi, na goti lake bovu. Ukamwita muongo."

Kiburi changu kina mizizi mirefu. Siku ile kiligoma kutoka kama jino la pembeni.

"Nisamehe," nikasema.

"Sisikii. Wakati wa kutukana ulisikika mpaka baharini."

"NISAMEHE!"

Wale wa aiskrimu wakageuka wote.

"Utahamia?"

"Nitahamia na kitanda changu."

"Mama atazimia! Kwetu bwana harusi haji hata na kijiko. Wajomba watasema tumeshindwa kumlaza mkwe."

"Waseme. Mlango wenu, kitanda changu. Vinginevyo silali."

Akaikunjua mikono yake.

"Mama nitamwambia mimi. Wewe ukifungua mdomo utaanzisha vita vingine. Haya, nipe pete yangu."

Nilipiga magoti, nikauingiza mkono mdomoni mwa mzinga hadi begani. Nikatoa karatasi za aiskrimu, mirija, soksi ya mtoto. Firimbi tena!

"Wewe! Kibao kinasema usiguse mzinga!"

"Mzee, mzinga umemeza harusi yangu!"

Mlinzi akaguna, akatoa tochi, akainama kunimulikia hadi pete ikang'aa, nikaichomoa.

Jumapili lori liliingia uani kwao Rasila. Kabir alishika pembe moja ya kitanda, mimi nyingine. Alikuja mwenyewe bila kuitwa, na sikumwambia asante. Wajomba wanne walisimama mlangoni, wamenuna.

"Hii ni dharau," mkubwa wao akasema. "Kitanda kipo ndani."

Mama mkwe akachechemea hadi kwangu. Akapapasa ubao wa kichwani.

"Amechonga nani?"

"Baba yangu, mama. Alikifanya kwa ajili ya siku hii."

Akawageukia kaka zake, sauti imepanda.

"Mmesimama nini? Baba wa bwana harusi amefika. Mpisheni apite!"