Bluu Iliyofutwa Kibarazani

Jumapili ile, alipotoka kanisani, Renetta Gadsden alipitia nyumba yake ya kupangisha akakuta kiti cha kibarazani kimegeuzwa.

Mjini Savannah, kusini mwa Marekani, hakuna anayekaa kibarazani akaipa barabara kisogo. Mtu hukaa pale apate kuwasalimia wapita njia, na kuwasengenya wakishapita. Kiti hiki kilitazama dirisha la sebule, kimesogezwa karibu mno, kana kwamba aliyekikalia alitaka kuona ndani bila kupepesa. Renetta alikirudisha, akajisemea ni watoto wa mpangaji wamecheza. Mlango hakugonga. Alisimama kidogo akilitazama pazia jipya la manjano, roho ikamuuma, akaenda zake.

Roho imuume kwa nini, na nyumba ni yake? Hapo ndipo penye kisa.

Renetta alikuwa dereva wa basi la shule, na kila alichopata alikitia kwenye nyumba. Hii ilikuwa ya tatu. Aliinunua ikiwa gofu, akaisugua sakafu kwa magoti yake mwenyewe mpaka mbao zikang'aa. Wapangaji aliowataka ni wale wenye vocha ya makazi, kwa sababu serikali huwalipia sehemu kubwa ya kodi, na serikali haina visingizio vya mwisho wa mwezi. Ila kabla mwenye vocha hajaingia, lazima mkaguzi wa ofisi ya nyumba aje aipitishe nyumba. Akaja, akafungua mabomba, akasukuma madirisha, kisha akatazama juu ya kibaraza. Dari ilikuwa ya bluu, rangi ya zamani inayobanduka, na rangi kama hiyo ni sumu kwa watoto. Akaikataa nyumba.

Mpangaji mwenyewe, Tavia Mungin, alikuwa akilala na binti zake wawili sebuleni kwa binamu yake, na vocha aliyoingojea miaka ilikuwa karibu kumalizika muda. Hakukuwa na nafasi ya kuzubaa. Renetta alikwangua ile bluu yote, akapaka rangi nyeupe iliyobaki kwenye nyumba nyingine. Mkaguzi aliporudi, akapitisha.

Bi Eulalie, jirani wa mkono wa kulia, mwanamke anayetibu watu kwa mizizi, alimwita kwenye uzio akamuuliza bluu ameipeleka wapi.

"Nyeupe ilikuwepo, Bi Eulalie. Mkaguzi hajali rangi gani."

"Mkaguzi hajali," mama yule alisema. "Wanaotembea usiku wanajali."

Renetta alicheka. Kule kila mtoto anajua kwa nini dari za vibaraza hupakwa bluu: viumbe vya usiku huiona wakadhani ni maji, na maji hawayavuki. Hata yeye alijua. Bibi yake angemchapa. Lakini yeye ni mhudumu wa kanisa, na nyeupe ilikuwa ya bure.

Basi Tavia akaingia, na nyumba ikachangamka. Ijumaa pakanukia samaki wa kukaanga na wali mwekundu, watoto wakaruka kamba uani, mwanamke akaimba jikoni. Renetta, mwenye nyumba tatu, alikuwa anakaa vyumba viwili juu ya duka la dobi, hana mtoto wala wa kumpikia, anakula supu ya kopo amesimama. Akaanza kupita na gari jioni bila sababu. Kila akipita, kijiba cha roho kinamkaba. Mimi nimeisugua sakafu ile kwa magoti, alijisemea, yeye anaichezea dansi. Siku moja alimgombeza Tavia kwa baiskeli ya mtoto iliyoegemezwa ukutani, na akafurahi kumwona ananyong'onyea. Huo ulikuwa wivu, tena mbichi, na alijua.

Wiki chache baadaye Tavia alimpigia simu akimwomba afike. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Walikaa jikoni mchana kweupe, lakini Tavia aliongea kwa kunong'ona.

"Bi Renetta, usinione mwehu. Kuna kitu kinanikalia kifuani usiku. Kizito, kinanuka dawa ya kusugulia sakafu. Kinanyonya pumzi yangu mpaka naona giza. Kikishiba kinashuka, nakisikia kinatembea humu, kinafunua masufuria, kinashikashika pazia. Kinalamba sukari. Halafu kinasimama mlangoni kwa watoto."

"Kinasema kitu?"

"Kinasema, changu."

Renetta akamwambia ni uchovu. Tavia akatikisa kichwa. Alitaka kuhama, akasema, ila akivunja mkataba kabla ya mwaka, vocha inaweza kumponyoka, na kwa binamu hapakaliki tena. Renetta alimsikiliza kwa uso wa huruma, na ndani kabisa, Mungu amsamehe, kitu kikashangilia. Akainuka kuitengeneza kahawa yake. Mkono ukaenda wenyewe, ukafungua mashine ya kufulia iliyo pembeni ya jiko, ukaingia nyuma ya taulo, ukatoa kopo la sukari.

Wakatazamana.

"Nililificha humo jana," Tavia alisema polepole. "Watoto walikuwa wamelala. Hata wao hawajui."

Renetta aliliweka kopo mezani, akatoka bila kuaga. Garini akakumbuka asubuhi zake za siku hizi, anavyoamka mwili umevunjika, magoti yanauma, na mdomoni ana ladha tamu asiyoijua imetoka wapi. Akalia mpaka kioo kikafunga ukungu.

Usiku ule alisukuma kabati la nguo likaziba mlango, akafunga madirisha, akasali, akalala na taa inawaka. Na bado alijiona anatoka, kwanza mabegani, kama mtu anayejivua gauni la kubana, kisha kiunoni, kisha miguuni, akajiona kitandani amebaki ngozi tupu iliyolegea, mdomo wazi, na yeye mwenyewe mwekundu, mbichi, upepo ukimchoma kila mahali, akapenya kwenye tundu la ufunguo na kupaa juu ya duka la dobi na juu ya mialoni na juu ya mbwa waliojikunyata bila kubweka, akiifuata harufu ya watoto waliolala, mpaka akatua kibarazani chini ya dari nyeupe isiyomzuia, akanyoosha mkono kwenye kitasa, na hapo, kizingitini, akaona ufagio mpya wa majani umelazwa, akashindwa kuuruka, maana kiumbe wa usiku havuki ufagio kabla hajauhesabu wote, akachuchumaa akaanza kuhesabu majani yake moja moja, akikosea, akianza upya, akilia kwa hasira, huku mbingu ikipauka.

"Nilidhani ni mzimu," sauti ya Bi Eulalie, aliyeulaza ufagio ule, ilisema kutoka uzioni. "Mizimu ningejua la kuifanya. Rudi kwenye ngozi yako, mwanangu, kabla jua halijakukuta. Halafu uje kwa miguu umwambie mwenzio ukweli. Kinachokutoa kinakula unachokificha."

Renetta akaamka kitandani. Kabati lilikuwa palepale mlangoni. Kiganjani mwake alikuwa amekamata jani la ufagio.

Akaenda. Tavia alimfungulia, Bi Eulalie amekaa nyuma yake, na Renetta akasema yote pale sebuleni, kichwa kimeinama.

"Nakuonea wivu, Tavia. Nakuonea wivu wa pazia lako, wa samaki wako, wa watoto wanaokuita mama. Nina nyumba tatu, na hakuna hata moja mtu ananingojea ndani. Nilitaka utoke. Sasa nakuomba ukae."

Alipomaliza alikohoa, akakohoa tena, akahisi kitu kama donge la nywele kikimtoka kooni bila kuonekana, na chumba kikanuka dawa ya sakafu, kisha harufu ikakatika. Bi Eulalie akasema imekwisha. Tavia, mwanamke mwema, alimshika mkono, akamwambia hana kinyongo, atakaa. Kisha akauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kuuliza:

"Tatu?"

"Tatu," Renetta alijibu.

Usiku ule Renetta alilala mwepesi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi hakwenda popote. Usingizi ulikuwa umemkolea kitu kilipopanda kitandani, goti moja, kisha la pili, kikamkalia kifuani kwa uzito wote. Alitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Pumzi ya joto ikamshukia usoni, midomo ikamsogelea sikioni, na sauti aliyoifahamu, ya upole, yenye adabu zake zote, ikanong'ona:

"Bi Renetta, na hizo mbili nyingine ziko mtaa gani?"